Alva Kinzer, Aliyetuuzia Nyama Wakati wa Vita

Mchungaji, wifi yangu Leota, na ninyi nyote mliojaza viti vya kanisa hili leo, mimi ni Verda Lantz, dada yake marehemu, na ninasimama hapa kwa niaba ya familia kwa sababu wanaume wanne wa ukoo wetu waliombwa kusoma historia hii, na wote wanne wakapatwa na kikohozi siku moja. Mimi sikohoi. Nitasoma taratibu, na wanaopenda kutazama saa zao waendelee kutazama.

Marehemu Alva Orrin Kinzer alizaliwa tarehe 9 Februari 1893, katika shamba la baba yetu, maili nne kaskazini ya mji huu wa Pell Creek, jimbo la Ohio, akiwa mtoto wa pili kati ya watoto watano, na mama yetu alikuwa akisema kwamba alizaliwa mkono umefumbwa, nasi tuliokua naye hatukuwahi kuuona ukifunguka bila sababu.

Alianza masomo mwezi Septemba 1899 katika shule ya chumba kimoja iliyokuwa njia panda, akaendelea hapo hadi Mei 1907 alipomaliza darasa la nane, na katika miaka yote hiyo hakuna somo lililomkaa kichwani isipokuwa hesabu, ambayo aliitumia mapema, kwa kuwa wakati wa baridi aliwauzia wenzake zamu ya kukaa karibu na jiko la kuni, ingawa jiko lilikuwa la shule na kuni zilikatwa na baba yetu.

Mwaka huo huo wa 1907 alichukuliwa na mjomba wetu kufundishwa kazi ya bucha hapa mjini, akajifunza kukata nyama vizuri kuliko mtu yeyote katika wilaya hii, jambo ambalo nalisema bila kinyongo kwa sababu ni kweli, na tarehe 4 Aprili 1921 akafungua bucha lake mwenyewe katika Mtaa wa Water, akiwa na kisu kizuri, aproni safi, na kidole gumba ambacho kilipenda kupumzika juu ya mizani. Watu walikijua kidole kile. Walikitania mbele yake, naye akacheka pamoja nao, na kidole kikabaki palepale.

Alikuwa ameshafunga ndoa tarehe 12 Juni 1920 na Leota Grubb, binti wa fundi viatu, mwanamke ambaye angeweza kuolewa na mtu mwingine na sisi sote tulimwambia hivyo, na ndoa yao ilijaliwa mtoto mmoja tu, Merle, aliyezaliwa tarehe 3 Oktoba 1923, mtoto mpole, mrefu, mwenye masikio makubwa, ambaye baba yake alimpenda kwa namna pekee aliyoijua, yaani kwa kumlisha.

Sasa nafika kwenye vita, na naona baadhi yenu mmeanza kutafuta kitu kwenye mikoba.

Kijana Merle aliingia jeshini mwezi Februari 1943, Leota akatundika dirishani kile kibendera chenye nyota moja ya bluu kama ilivyotundikwa kwenye kila nyumba yenye mtoto vitani, na mwezi uliofuata nyama ikaingia kwenye mgao, kama ilivyokuwa imeingia sukari, kisha kahawa, kisha viatu, kila mtu akawa na kijitabu chake cha kuponi, nyekundu zikiwa za nyama na siagi, na serikali ikaweka bei ambayo muuzaji haruhusiwi kuivuka, nayo ikabandikwa ukutani kila mwenye macho aisome. Alva aliibandika yake katikati ya dirisha, akaizungushia bendera mbili, akaongeza kibao alichokiandika kwa mkono wake kwamba hapa tunatii bei ya serikali kwa ajili ya vijana wetu, na gazeti la mji likampiga picha amesimama kando yake, kisu mkononi, sura ya huzuni kama ya mtu anayejitolea damu.

Bucha lile lilikuwa na mlango wa uani. Mkulima mmoja, ambaye naye ameshakufa, alichinja ng'ombe ghalani kwake bila kibali, akaleta nyama chini ya magunia ya viazi, na Alva akaiuza kwenye uchochoro bila kuponi, kwa bei mara mbili ya ile iliyokuwa imezungushiwa bendera, na wanunuzi mlikuwa ninyi. Nilikaa nyumba ya pili kutoka pale, na dirisha la jikoni kwangu linatazama uchochoro ule. Mimi sikununua, wala si kwa utakatifu, maana Alva hakunipunguzia hata senti moja ingawa tulinyonya ziwa moja, na bei yake sikuiweza.

Lakini niliona. Niliwaona kina mama wa kamati ya kanisa, waliochora mstari nyuma ya miguu kwa penseli ya nyusi ili ionekane wamevaa soksi ndefu ambazo hazikupatikana tena, wakija asubuhi kwa mlango wa mbele na makopo yao ya mafuta ya kikaangoni, kwa kuwa tuliambiwa redioni kwamba mafuta hayo yanatumika kutengeneza baruti, wakapimiwa, wakapewa senti zao chache na shukrani ya taifa, na mafuta yenyewe yalikuwa yamechuruzika kutoka kwenye nyama ya uchochoroni. Niliwaona mabwana waliokuwa na stika ya petroli ya chini kabisa kwenye kioo cha gari, galoni tatu kwa wiki na zisitumike kwa starehe, wakiyaacha magari kona ya pili na kuja kwa miguu, kola zimeinuliwa.

Na nilimwona mheshimiwa mmoja ambaye sitamtaja jina, kwa kuwa yuko safu ya pili na tai yake ya kijani inatosha. Mheshimiwa huyu alikuwa na jumba la sinema, akawa pia mwenyekiti wa kamati ya bei hapa mjini, na kila Jumamosi, kiingilio senti thelathini, watoto nusu, tulionyeshwa kwanza habari za vita, meli zikiwaka na vijana wakipunga mikono, na zilipoisha tu taa ziliwashwa, yeye akapanda jukwaani kabla ya mchezo kuanza, akatuambia kwamba kila kipande cha nyama tunachojinyima ni risasi mkononi mwa mtoto wetu, sauti ikamkatika kidogo, daima mahali palepale, tukapiga makofi, tukanunua hati za mkopo wa vita mlangoni, kisha akaja mchekeshaji wa kwenye filamu na kila mtu akacheka mpaka machozi. Mheshimiwa hakuwa akisubiri mwisho wa filamu. Alikuwa ameshaiona. Alikuwa uchochoroni.

Bibi Jadwiga Sobczak alikuwa akija kwa mlango wa mbele. Ni yule mama aliyekaa kiti cha nyuma kabisa, mjane wa mfanyakazi wa reli, aliyekuwa akifua nguo za watu mtaa wa chini, na wanawe wawili walikuwa wanamaji. Siku moja ya Novemba 1943 nilikuwa nyuma yake kwenye foleni, akaweka kuponi zake nyekundu mezani, zote halali, akaomba nyama ya kuchemsha, na Alva akamkatia mifupa na maini kidogo, akaweka kwenye mizani, pamoja na kidole.

“Ndiyo iliyobaki, mama,” akamwambia. “Si unajua, vita.”

“Vita naijua,” Bibi Sobczak akasema. “Ondoa kidole.”

Alva akacheka, akakiondoa, akampa mifupa yake. Wote tuliokuwa kwenye foleni tukacheka pia, maana tulimwona yule mama wa Kipolandi hajui utani.

Mwezi Agosti 1944 Merle alipewa likizo ya siku kumi kabla ya kuvushwa kwenda Ulaya, na Alva akamwandalia karamu, nyama ya mbavu nene kama Biblia, siagi kisahani kizima, kahawa yenye sukari, keki, na mimi nikaalikwa, kwa sababu siku ile alitaka watu wa kuona. Merle alitazama sahani yake muda mrefu. Alikuwa ametoka kununua wembe mjini, akakutana na rafiki zake wa shule, na nadhani huko ndiko alikosikia.

“Baba,” akasema, “hii imetoka wapi?”

“Imetoka kwa ng'ombe,” Alva akajibu. “Kula, mwanangu. Vita havitashindwa kwa sababu ya ubavu mmoja.”

Merle hakugombana naye. Aliisukuma sahani katikati ya meza, akamwomba mama yake mkate na maharage yaliyobaki jana, akala hayo, akamshukuru, na siku zote zilizobakia za likizo yake alikula hivyo, akizungumza na baba yake kwa heshima juu ya mpira, juu ya mvua, juu ya vichekesho vya redioni, lakini hakugusa kitu chochote kilichopita mikononi mwake. Alva aliendelea kupika kila siku. Kila siku akaweka sahani mbele ya kijana, kila siku akaiondoa ilivyo, na treni ilipoondoka alirudi nyumbani akamwambia Leota kwamba jeshi limemharibu mtoto tumbo.

Marehemu alikamatwa tarehe 11 Januari 1945. Krismasi iliyotangulia, mheshimiwa wa tai ya kijani alikuwa ameagiza mbavu nzima za ng'ombe kwa ajili ya karamu ya wageni wake, Alva akamwahidi, kisha akaja meneja wa kiwanda cha maboksi akaongeza bei, na mheshimiwa akawalisha wageni wake kuku. Wiki mbili baadaye maofisa wa serikali walifika uchochoroni saa ileile ambayo gari la viazi lilikuwa likifika, bila kumuuliza mtu njia, na mwenyekiti wa kamati ya bei akasema gazetini kwamba moyo wake umevunjika. Sina shaka. Alikuwa amewaahidi watu mbavu.

Tarehe 20 Februari mahakama ilimhukumu kifungo cha miezi minane pamoja na faini iliyomeza akiba yake yote, na jaji alipomwambia kwamba kifungo kitapungua akiwataja walionunua, Alva alikaa kimya, na ukumbi mzima uliojaa wateja wake ukashusha pumzi, nilisikia kwa masikio yangu, kama ng'ombe waliofunguliwa nira. Kuanzia siku ile mlishangaa. Hamkuwa mkijua. Mlishangaa dukani, mlishangaa saluni, mlishangaa hapa kanisani baada ya ibada mkiwa na vikombe mkononi, wazee wa kanisa wakamwondoa kwenye orodha ya washirika, na mmoja wao alipiga kura akiwa bado na nyama ile kwenye barafu.

Wiki hii nimewasikia watu watatu wakisema kwamba Alva alikuwa mtu wa siri, mtu asiyeuza wenzake, na nimeona jinsi wanavyolipenda neno hilo. Basi naomba niwanyang'anye. Nilimtembelea gerezani mwezi Machi na nikamuuliza kwa nini hakusema.

“Ningewataja,” akaniambia, “nikitoka ningemuuzia nani?”

Huyo ndiye kaka yangu. Aliwahifadhi kama mtu anavyohifadhi ng'ombe wa maziwa.

Tarehe 26 Machi 1945, ng'ambo ya mto Rhine nchini Ujerumani, Merle Kinzer aliuawa akiwa na umri wa miaka ishirini na moja, na simu ya maandishi ilimfikia mama yake tarehe 14 Aprili, wakati redio zote zilikuwa zikipiga muziki wa maombolezo kwa sababu rais alikuwa amefariki siku mbili kabla, kwa hiyo mji mzima ulikuwa tayari umeshavaa nyeusi na haukuhitaji kubadilisha. Mnajua desturi yetu. Nyumba ikifiwa, kabla ya jioni meza inajaa, keki, viazi, kuku, bakuli zenye majina ya wenyewe yamebandikwa chini. Leota alifuta meza yake asubuhi ile, akatandika kitambaa, akasubiri. Ilipofika jioni alikikunja kitambaa, akachukua sindano, akaishonea nyota ya bluu kipande cha rangi ya dhahabu juu yake, kama inavyotakiwa kwa aliyekufa, peke yake, maana kina mama wa kamati waliowashonea wengine hawakujua kama inafaa.

Siku ya pili akaja Bibi Sobczak na sufuria ya supu ya kabichi. Hakusema mengi, Kiingereza chake kilikuwa kidogo na cha kwetu siku ile kilikuwa kidogo zaidi, akapakua, akakaa mpaka Leota akala, akaosha vyombo, na kesho yake akarudi. Jumapili walipanda basi pamoja kwenda gerezani, mwendo wa saa tano kwenda na tano kurudi, kwa sababu hakuna mwenye gari aliyekuwa na petroli, na Leota akamwambia mumewe kupitia wavu wa chuma.

Leota ameniruhusu kusema kilichofuata. Alva aliuliza kama mtoto alikuwa ameandika neno lolote juu yake.

“Hakuandika,” Leota akamwambia.

“Alijua kwamba niko hapa?”

“Sijui, Alva. Sitajua kamwe, na wewe hutajua.”

Alitoka gerezani tarehe 17 Oktoba 1945, na mwezi mmoja baadaye mgao wa nyama ukafutwa, na kiangazi cha mwaka uliofuata bei zikaachiwa ziende zitakako, zikaenda, zikaipita bei ya uchochoroni bila hata kugeuka nyuma, na wenye bucha nchi nzima wakauza mchana kweupe kwa bei ambayo Alva alifungwa kwayo, nanyi mkalipa mkilalamika. Hamkulipa kwake. Alifungua mlango, akavaa aproni, akasimama nyuma ya meza miezi kumi, wale aliowafungia kinywa wakapita upande wa pili wa barabara, na mwezi Septemba 1946 akauza bucha na kuajiriwa kama mkata nyama katika kiwanda cha kusindika nyama mji wa jirani, chini ya msimamizi aliyekuwa mdogo kuliko Merle.

Kila Jumamosi, akirudi kutoka kazini, alimpelekea Bibi Sobczak nyama. Alitaka kumpa bure, mama yule akakataa, akamlipa bei ya dukani, na kabla ya kulipa aliiweka kwenye mizani yake mwenyewe mezani, Alva akiwa amesimama mlangoni kofia mkononi, mikono yote miwili ikionekana. Alifanya hivyo kwa miaka minne. Sijui kama yule mama alimsamehe. Mizani hakuiondoa.

Mwezi Mei 1948 jeneza la Merle lilirudishwa kutoka Ulaya, likashushwa kutoka treni ya asubuhi tarehe 22, na mji ukagundua kwamba ulimpenda sana kijana yule. Bendi ya shule ilikuwepo, bendera zilikuwepo, kina mama wa kamati walikuwepo na maua, na mheshimiwa alikuwa amesimama juu ya sanduku la mizigo na hotuba mkononi. Alikuwa ameshaanza, alikuwa amefika kwenye neno la kujinyima, Alva alipotoka pale alipokuwa, nyuma kabisa karibu na mizigo, akapita katikati ya watu na kusimama mbele yake.

“Shuka,” akamwambia.

Mheshimiwa akamwambia kwa upole kwamba anaelewa uchungu wake, lakini watu wamekusanyika.

“Mwanangu hakuila nyama ile,” Alva akasema, na sauti yake haikuwa kubwa, ila bendi ilikuwa imenyamaza na kila mtu alisikia. “Nilimwekea mezani siku kumi, akala maharage. Wewe uliila. Nilikukatia mwenyewe, kila Jumamosi. Hakuna mtu aliyekula nyama ile atakayesema neno juu ya jeneza hili, na mimi ni wa kwanza. Shuka.”

Mheshimiwa akashuka. Alva hakubeba jeneza, alikataa, akasema hana haki, likabebwa na wana wawili wa Bibi Sobczak na wafanyakazi wanne wa reli, Leota na Bibi Sobczak wakatembea mbele, na baba wa marehemu akafuata mwisho wa wote, hatua nyingi nyuma, kama mtu asiyealikwa. Nilitembea naye. Sijawahi kumpenda kaka yangu, lakini asubuhi ile nilimshika mkono.

Marehemu alianza kuugua mwezi Novemba 1950 alipopata kiharusi akiwa kazini, kikamlemaza upande wa kulia, akauguzwa nyumbani, akapata kiharusi cha pili tarehe 27 Oktoba mwaka huu wa 1951, na akafariki alfajiri ya tarehe 30, akiwa na umri wa miaka hamsini na minane, mkewe akiwa kando yake. Ameacha mjane na dada mmoja.

Familia inamshukuru Daktari Rusk, aliyekuja kila alipoitwa, hata kwenye theluji, na hakuwahi kununua uchochoroni kwa sababu hali nyama. Tunawashukuru wafanyakazi wenzake wa kiwandani, waliochanga kwa ajili ya jeneza na waliokaa kule pembeni na mikono yao iliyokatwakatwa. Tunawashukuru majirani, nikiwa na maana ya Bibi Sobczak. Nyinyi wengine tunawashukuru kwa kuja, najua mmekuja kuhakikisha kwamba amekufa na hakusema, nami nawaambia nendeni nyumbani mkale kwa amani, hakumtaja mtu yeyote zaidi ya yule wa stesheni. Kuhusu hotuba nyingine iliyotajwa kwenye ratiba yenu, Leota ameifuta.

Kaka yangu hakuwa mtu mwema. Alikuwa mchoyo tangu alfajiri aliyozaliwa, alimpunja mjane, aliuza tumbo la nchi yake wakati wa shida yake, na alilipa kwa kitu ambacho jaji hakukiandika kwenye hukumu. Lakini siku moja alisema mbele ya watu kile alichokuwa, kwa maneno ambayo kila mtu aliyaelewa, na nimekaa kanisani humu miaka hamsini nikisubiri kumsikia mtu wa pili.

Alva, kazi imekwisha. Pumzika, na amani ikupokee huko, sisi huku hatukuwa nayo ya kukupa.